Thibitisha Wewe Si Roboti

Kwetu Newala hodi ni tatu.
Ya kwanza, mwenye nyumba ajifunge kanga.
Ya pili, atafute kandambili.
Ya tatu akikaa kimya unageuka, huna kinyongo,
mtu ana haki ya kuwa kwake.
Mimi usiku huu nimepiga ya kumi na moja
kwenye mlango usio na bawaba,
steshenari ya Zamda, nyuma ya soko,
ambaye hajafunga kwa ajili yangu.

Mfumo, hata salamu hukutoa. Umeanza na jina.
La kwanza: Somoe. La ukoo: Chinguile.
La kati hukuliuliza, nikaliacha nje,
kumbe kwenye cheti baba yupo katikati, Bakari,
nawe ukapiga wino mwekundu:
TAARIFA HAZILINGANI.
Nikamrudisha baba ndani.
Herufi zimezidi, ukasema.

Cheti umekikataa kwa unene.
Zamda akakipunguza, akakipunguza tena,
mpaka daraja la kwanza nililolitolea jasho miaka mitatu
likawa ukungu wa kijivu.
Hapo ndipo ukakipokea.

Halafu wadhamini.
Dokta Nnunduma amestaafu, yuko Liwale na mizinga yake,
simu inashika akipanda kichuguu.
Alipanda. Nilimsikia akihema.
"Somoe, nitakuandikia barua ya kuliza mawe."
Hapana, mwalimu, barua hawaitaki,
ni kuweka vema tu kwenye visanduku:
Mzuri. Mzuri sana. Wa kipekee.
Akanyamaza. Nyuki wakasikika.
Na hata hivyo baruapepe yake ya bure hukuitaka,
ulitaka ya taasisi.
Mtu aliyefundisha nusu ya walimu ninaowajua
umemwandika HATAMBULIKI.

Ada dola hamsini.
Mama ana magunia matatu ya korosho ghalani tangu mnada wa pili;
chama kinasema kesho,
na kesho ya chama ina wajukuu.
Nikakopa kwa mhasibu wa shule.
Kadi ikagoma, ikagoma, kisha ikakatwa mara mbili.

Thibitisha wewe si roboti.
Chagua picha zote zenye taa za barabarani.
Mimi barabara yangu huongozwa na mbuzi.
Nikabahatisha. Nikakosea.
Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto.
Zamda, bomba la zimamoto likoje?
Akainamia kioo: "Labda hilo jekundu,
limesimama kama mtoto aliyepewa adhabu."
Maji! Kando ya njia! Yamefungiwa humo
yanangoja nyumba iungue,
na sisi huku juu
ndoo tunainunua na bado tunaipangia foleni.
Niliyatazama mpaka muda ukaisha.
Roboti gani, Mfumo,
ingelionea wivu bomba?

Saa tano na nusu umeme ukakatika.
Zamda alitukana kwa Kimakonde, tusi refu, lenye vituo.
Nikakaa gizani nikihesabu dakika ishirini na tisa
kama mtu anayehesabu chenji ya kuibiwa.
Ndipo nikasoma kwenye simu, maandishi madogo ya chini kabisa:
kwa saa za kwetu.
Zao, si zetu. Jua linawafikia wamechelewa saa tatu,
na safari hii kuchelewa kwao kukawa riziki yangu.

Umeme ulirudi saa saba na robo.
Saa nane kasorobo nikabofya.
Duara likazunguka, likazunguka, nikalizungukia na dua.

Mpendwa Mwombaji. Ombi lako limepokelewa.
Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Nikaujibu.
Neno moja, jepesi, halifiki hata kilobaiti:
Hodi.

Kisha nikamwamsha Zamda, shavu lake lina alama ya kibodi.
Tufunge, shoga. Saa kumi na moja maji yanatoka,
na ndoo yangu nimeiacha ya nne kwenye mstari,
kama hawajaisogeza.